Wiki moja Mirihi, upande wa pili wa Mlima Meru: mwongozo kamili kwa kikosi cha wanafunzi

Wanafunzi wenye wazo la kuishi kama wako Mirihi huanza karibu wote na mchoro wa kuba jeupe na suti za anga. Mimi huwaomba kwanza waniletee daftari la maji. Kuba linaweza kusubiri miaka. Makazi ya mfano ya Mirihi yanasimama juu ya vitu vinavyohesabiwa kila siku bila kudanganyana: maji, umeme, chakula, na dakika ambazo ujumbe unachukua kufika. Vijana sita ndani ya darasa la bati, wanaojua wametumia lita ngapi tangu asubuhi na wanaoamua mambo yao wenyewe bila kupiga simu nyumbani, wameshaanza safari.

Vituo vya namna hii vipo kwingine na vimefundisha mengi. Kile cha jangwa la Utah, Marekani, kinachoendeshwa na jumuiya ya Mars Society, kimepokea vikosi vya watu sita au saba, wakiwemo wanafunzi, kwa zamu za wiki mbili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, watu sita walikaa mwaka mzima kuanzia Agosti 2015. Mjini Moscow wanaume sita walifungiwa siku 520, wakatoka Novemba 2011. NASA nayo iliwaweka watu wanne kwenye nyumba ya mita za mraba 158 huko Houston kwa siku 378, hadi Julai 2024. Mwongozo huu unachukua yaliyofaa huko na kuyapanga kwa kikosi cha watu sita, siku saba, kwa vifaa vinavyopatikana Arusha na Moshi.

Mahali, msimu na ruhusa

Miteremko ya kusini ya Meru na Kilimanjaro ni migomba na kahawa, haifai. Vukeni upande wa pili. Kaskazini mwa Meru, kuanzia Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki kuelekea Longido, mlima umezuia mvua: udongo ni majivu ya volkano, miti ni migunga michache, na makorongo yamekata ardhi kiasi kwamba mwanafunzi wa jiolojia anaweza kusoma tabaka moja baada ya jingine. Mkitokea Moshi, upande wa Siha kuelekea Engare Nairobi una maeneo yanayofanana na hayo. Kaeni nje ya mipaka ya hifadhi za taifa. Mkitaka kuingia humo, huo ni utaratibu mwingine na gharama nyingine.

Msimu ninaoupendekeza ni kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Masika, yaani Machi hadi Mei, barabara za majivu huwa utelezi na gari la dharura halitafika. Mwezi wa saba Arusha mjini kunafunikwa na mawingu na baridi, lakini ng'ambo ya mlima jua linawaka vizuri zaidi. Agosti na Septemba kuna upepo na vumbi jingi, na kwa kazi hii vumbi ni sehemu ya somo.

Ruhusa ianzie kijijini. Nendeni na mwalimu au mtu mzima wa chuo, mkiwa na barua, kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Kwenye maeneo ya Wamasai, mkaonane pia na laigwanani, yaani kiongozi wao wa kimila. Waamkieni wazee, elezeni mnachofanya kwa lugha nyepesi, kisha vaeni suti mbele yao na kuwaacha watoto wazijaribu. Hili si la kupamba. Mchungaji akikutana porini na watu wenye vichwa vya plastiki bila kuambiwa, anaweza kukimbia au kurusha mkuki, na atakuwa na haki ya kuogopa. Ajirini askari wawili wa kijiji kwa usiku. Wao hawahesabiwi kuwa ndani ya zoezi. Mkitaka kurusha droni, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kipatikane kabla ya kuondoka mjini.

Nyumba

Tumieni jengo lililopo: darasa la shule wakati wa likizo, ghala tupu, au kontena mbili zilizounganishwa. Makazi ya Utah yana kipenyo cha mita 8 hivi na ghorofa mbili, na watu sita hadi saba wanatosha, kwa hiyo darasa moja la kawaida si dogo. Ligaweni kwa mapazia mazito: vitanda vya wasichana upande mmoja na vya wavulana upande mwingine, jiko, meza kubwa ya kulia na kufanyia kazi, kona ya maabara, na bustani penye dirisha la jua. Kila mtu awe na pazia lake mwenyewe. Baada ya siku tatu, sehemu ambayo mtu anaweza kukaa bila kuonwa ina thamani kubwa kuliko kifaa chochote mtakachonunua.

Mlango wa nje uwekewe chumba cha mpito: fremu ya mabomba iliyofunikwa turubai, yenye mlango wa ndani na wa nje, na milango hiyo miwili haifunguliwi kwa pamoja. Choo kama kiko nje, jengeni njia ya turubai kutoka nyumbani hadi chooni, ili anayekwenda kujisaidia usiku asivae suti. Funikeni madirisha mengine kwa nusu ili msione barabara, ila yabaki yanapitisha hewa na yanafunguka kutokea ndani.

Jiko la mkaa lisiingie humo hata siku moja. Hewa yake ya sumu haina harufu, na chumba kilichozibwa kwa turubai ni mtego. Pikieni gesi, mtungi ukae nje ya ukuta, dirisha la jikoni liwe wazi wakati wa kupika. Wekeni kizimamoto kimoja, ndoo mbili za mchanga, na mlango wa pili ambao haujafungwa kwa kufuli.

Nani anafanya nini

Kamanda, msaidizi wake, fundi, mganga wa kikosi, mtunza bustani na chakula, mwandishi. Kila mmoja ana kazi ya pili: fundi anasoma umeme, mwandishi anapiga picha na kutunza ramani, na kadhalika. Mganga si lazima awe daktari, lakini awe amefanya mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya safari. Kamanda achaguliwe kwa kusikiliza kwake. Mwenye sauti kubwa mpeni redio.

Zamu ya jikoni ni ya wote, wawili wawili. Wasichana wasigeuzwe wapishi wa msafara.

Kuna mtu wa saba na wa nane ambao hawaingii ndani: walinzi wa Dunia. Hawa wanakaa mjini au kwenye kijiji cha jirani, wanapokea taarifa na kujibu. Bila wao hakuna zoezi, kwa hiyo wachagueni kwa uangalifu uleule.

Siku inavyokwenda

Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Mkiifuata kikamilifu, baada ya wiki mtakuwa mnaamka zaidi ya saa nne na nusu baadaye kuliko mlivyoanza, na kazi za nje zitaangukia kwenye jua kali. Kwa zoezi fupi fuateni siku ya kawaida, ila ratiba isiyumbe. Kule Moscow, kufungiwa ndani kulivuruga usingizi wa baadhi ya washiriki. Saa ya kulala na kuamka ndiyo kamba inayoshika mambo mengine yote.

Saa 12 asubuhi kila mtu anaamka. Kabla ya kuzungumza na mwingine, anajaza karatasi yake: amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, yuko katika hali gani kwa namba kutoka 1 hadi 10. Anayejaza baada ya chai ameshaanza kuiga majibu ya wenzake. Kisha fundi na mtu mwingine mmoja wanasoma tangi la maji na betri, wengine wanafanya mazoezi ya viungo kwa nusu saa. Saa 1 na robo chai na uji. Saa 2 kasoro robo kikao kifupi, watu wakiwa wamesimama: kamanda anasoma kazi za siku, mganga anasema nani anaruhusiwa kutoka, fundi anasema maji na umeme vimebaki kiasi gani.

Saa 2 na robo wanaotoka wanaanza kuvaa suti. Kuvaa kunachukua muda mrefu kuliko mnavyofikiri, na haraka ndiyo inayochana mpira wa hewa. Wanakuwa nje kuanzia kama saa 3 hadi saa 4 na nusu, wanarudi, wanasafisha vumbi, wanakunywa maji. Chakula cha mchana saa 7. Alasiri ni ya maabara, bustani na ukarabati. Saa 11 jioni kelele zote zinazimwa na kila mtu anaandika taarifa yake. Chakula cha usiku saa 12 na nusu, dirisha kuu la mawasiliano na Dunia saa 1 hadi saa 2 usiku, kikao cha jioni, kisha saa moja ambayo haina kazi: bao, karata, hadithi, kwaya, chochote. Saa 4 taa zinazimwa.

Msijaze ratiba yote. Acheni saa mbili kwa siku ambazo hazijapangiwa kitu, kwa sababu kitu kitaharibika.

Maji

Hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu. Kadirieni lita 12 kwa mtu kwa siku: 3 za kunywa, 3 za kupikia, 2 za vyombo, 3 za mwili, 1 ya kufua na usafi wa nyumba. Kwa watu sita ni lita 72 kwa siku, na kwa siku saba ni lita 504. Tangi la lita 1,000 linabaki na karibu nusu. Nusu hiyo ni akiba, na haiguswi mpaka kamanda ameandika sababu na kutia sahihi. Mkiishiwa maji ya kunywa, zoezi linasimama papo hapo. Kiu si kitu cha kuigiza.

Jazeni tangi kwa maji yaliyopimwa. Maji ya mito na visima vingi kuzunguka Meru, Ngarenanyuki ikiwemo, yana floridi nyingi. Meno ya kahawia tunayoyaona tangu utotoni yanatoka huko. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. Kinachosaidia ni vichujio maalumu, kama vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Leteni maji salama kutoka mjini kwa boza au madumu, na chukueni ya kijijini kwa ajili ya kupima tu.

Upimaji huo unaweza kuwa utafiti wenu mkuu, na mimi ningeuchagua kabla ya mwingine wowote. Chombo cha Phoenix kiligundua mwaka 2008 kwamba udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti, ambazo ni sumu kwa tezi ya shingo. Watu watakaokwenda kule watakuta maji na udongo vyenye kitu kinachotakiwa kuondolewa kabla ya kunywa na kupanda, na sisi tunaishi na tatizo la jamii hiyo mlango wa pili. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ina watafiti wa maji. Waombeni ushauri na vipimo mapema. Pimeni floridi kabla na baada ya chujio, kila siku, kwa saa ileile.

Ndani ya nyumba, njia ya maji iwe hivi. Kila mtu ana sahani moja, bakuli moja, kikombe kimoja, vyenye alama yake. Sahani inafutwa kwa kipande cha chapati au ugali hadi ing'ae, ndipo inaingia kwenye beseni la kwanza lenye sabuni, halafu la pili la kusuuzia. Maji ya beseni la pili jioni yanakuwa maji ya beseni la kwanza kesho asubuhi. Yakishachoka yanapita kwenye ndoo ya kokoto, mchanga na mkaa uliopondwa, na yanayotoka yanasafisha sakafu. Kituo cha anga cha kimataifa kimefikia kurudisha takriban asilimia 98 ya maji yake, jasho na mkojo ukiwemo. Ninyi mkirudisha asilimia 20 kwa ndoo na mchanga, mmefanya kazi ya maana. Maji yaliyochujwa hivi hayanywewi.

Kuoga ni kopo na beseni: lita moja kujilowesha na kujisugua, mbili kujisuuza. Wenye nywele ndefu wasuke kabla ya kuingia.

Waislamu wanahitaji udhu, na lita moja ya mtu kwa udhu ipangwe wazi tangu mwanzo, siyo kukatwa kimyakimya kutoka kwenye maji yake ya kunywa. Malaysia ilipompeleka Sheikh Muszaphar Shukor kituo cha anga mwezi Oktoba 2007, wakati wa Ramadhani, iliandaa mwongozo wa ibada kwa ajili yake. Kikosi chenu nacho kikae na wenye dini zote kabla ya safari, kipange saa za swala na sala ya Jumapili ndani ya ratiba.

Usomaji wa tangi ufanywe na watu wawili asubuhi na jioni, mmoja anasoma, mwingine anaandika, na kesho wanabadilishana. Namba zibandikwe ukutani. Mkiona lita 80 zimeondoka badala ya 72, msimtafute mwizi. Tafuteni ni kazi gani imekula maji, kwa sababu mara nyingi ni maharage au koki inayodondosha.

Chakula

Kila kitu kiwe kikavu na kiwe kimepimwa kabla ya kuingia. Kwa mtu mmoja kwa siku: nafaka gramu 400 (mchele, unga wa dona, ngano, uji), maharage, choroko au kunde gramu 100, dagaa gramu 30, karanga gramu 50, mafuta mililita 40, sukari gramu 40. Kwa kikosi na wiki nzima ni karibu kilo 17 za nafaka, kilo 4 na kidogo za jamii ya maharage, kilo moja na robo ya dagaa, kilo 2 na kidogo za karanga, na lita 1.7 za mafuta. Soko la Kilombero Arusha au Mbuyuni Moshi mtapata vyote asubuhi moja. Ongezeni mboga za majani zilizokaushwa kivulini, ndizi kavu, maziwa ya unga, na viungo vingi: tangawizi, binzari, mdalasini, pilipili. Zoezi la kwanza la Hawaii, mwaka 2013, lilihusu chakula hasa, maana watu wakichoshwa na mlo uleule wanakula kidogo na kudhoofika. Gramu 200 za viungo ni mzigo mwepesi kuliko wote na faida yake ni kubwa.

Makande ni chakula kizuri lakini kinakula gesi na maji. Lowekeni mahindi na maharage tangu usiku, pikeni kwa presha kuka, kisha hamishieni kwenye hotpoti yaive yenyewe. Maji ya kulowekea yaandikwe kwenye daftari na yaende kwenye bustani.

Bustani yenyewe isiwape matumaini makubwa kwa siku saba. Mchicha hautakuwa tayari. Choroko zilizoloweshwa zinachipua kwa siku tatu au nne, na hizo ndizo zitakazowapa kitu kibichi cha kutafuna. Anzeni mtungi mpya kila siku ili zisiishe. Usiku mmoja upangiwe mlo mkubwa, pilau na kachumbari ya machipukizi hayo, na wote wavae vizuri.

Umeme

Kompyuta tatu, taa za LED, ruta, simu, redio na betri za suti vinakula karibu yuniti 2 kwa siku. Paneli moja ya wati 300, kwa saa 5 za jua zuri na upotevu wa kawaida, inatoa karibu yuniti 1. Wekeni paneli tatu na betri zinazoweza kuwapa yuniti 4. Pasi na jagi la umeme vibaki nyumbani.

Siku ya tano funikeni paneli zote kwa turubai kwa saa 24. Dhoruba ya vumbi ya mwaka 2018 kule Mirihi ndiyo iliyonyamazisha roboti ya Opportunity, na chombo cha InSight kilizimika Desemba 2022 kwa vumbi lililojaa juu ya paneli zake za jua. Kikosi kiamue chenyewe nini kizimwe kwanza, nini kibaki. Mtajifunza mengi kuhusu wenzenu katika saa hizo 24.

Kutoka nje

Suti inashonwa kwa ovaroli za mitumba. Kwenye soko la Memorial pale Moshi zimejaa. Mkoba wa mgongoni ubebe feni mbili za kompyuta za volti 12, betri, na mpira wa kupeleka hewa kwenye helmeti ya plastiki angavu. Feni ni mbili kwa sababu moja ikizima, ya pili inaendelea. Shingoni helmeti iwe wazi kiasi cha vidole viwili kuzunguka, isizibwe kamwe: mtu anayepumua hewa yake mwenyewe anaweza kupoteza fahamu. Na helmeti ifunguke kwa mkono mmoja, na mvaaji mwenyewe. Mkoba wote usizidi kilo 8. Mtu wa kilo 60 kule Mirihi angejisikia kama kilo 23, kwa hiyo kubebeshana mzigo mzito hakuongezi ukweli wowote.

Utaratibu:

1. Jioni kabla ya kutoka, wanaotoka wanatuma ombi kwa Dunia: wanakwenda wapi, njia gani, kufanya nini, kurudi saa ngapi. Bila jibu hawatoki.
2. Wanatoka watatu. Watatu wanabaki, na mmoja wao hafanyi kazi nyingine ila kukaa kwenye redio akiwa na ramani na saa.
3. Mwenzako anakukagua: feni, betri, redio, maji ya kunywa yenye mrija, viatu virefu.
4. Mnaingia chumba cha mpito, mnafunga, mnasubiri dakika 5 kana kwamba hewa inatolewa. Dakika hizo ni za kukumbushana kazi.
5. Kila dakika 15 mnaripoti mlipo. Zikipita 20 bila sauti, aliye ndani anaita. Zikipita 25, anatoka mtu bila suti kuwafuata, na zoezi limesimama.
6. Kurudi: dakika 5 tena, kisha burashi kutoka kichwani kwenda miguuni, halafu kitambaa chenye unyevu. Vumbi lisifagiliwe likiwa kavu ndani ya nyumba.

Msiingize mkono chini ya jiwe ambalo hamjaligeuza kwa fimbo. Kuna nge na nyoka. Msitoke baada ya saa 5 asubuhi, kwani ndani ya helmeti joto linapanda haraka.

Kazi ya nje iwe ya kweli. Chagueni korongo moja, pimeni kina chake kila mita 20, choreni tabaka za majivu na kokoto, andikeni wapi maji yalipita na wapi yalitulia. Wanasayansi wanaosoma Mirihi wanatafuta alama hizohizo za maji yaliyokauka. Na volkano mnazo: Olympus Mons, wenye urefu wa kilomita 22 hivi, ni zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro, lakini nao ni mlima uliojengwa na moto kutoka chini.

Ujumbe unaochelewa

Ishara ya redio inachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea sayari ziko wapi. Chagueni dakika 10 kila upande. Hakuna simu ya sauti. Ujumbe unaandikwa na saa ya kutumwa. Walinzi wa Dunia hawausomi mpaka dakika 10 zipite, na kikosi hakifungui jibu mpaka 10 nyingine zipite. Haihitaji programu yoyote, inahitaji uaminifu. Hiki ndicho kipande cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachobadilisha watu zaidi.

Sisi huanza mazungumzo kwa salamu. Habari za huko, nzuri, za kwenu, salama: kwa utaratibu huu hizo peke yake zimekula nusu saa. Msizifute salamu, zikusanyeni zote kwenye mstari wa kwanza, kisha hoja nzima ifuate pamoja na mtakachofanya kama jibu halitafika. Mfano:

"Kikosi kwenda Dunia, siku ya 4, saa 9:10 alasiri. Sote sita hatujambo, tunawasalimu. Pampu ya chujio imesimama. Umeme unafika, fyuzi ni nzima, mpira haujaziba. Tunachuja kwa mkono. Tunaomba mchoro wa kufungua kichwa cha pampu, na mtuambie kama kipande cha tyubu ya baiskeli kinaweza kuziba palipovuja. Tusipopata jibu hadi saa 11:00 tutafungua kwa mchoro tulio nao."

Anayeandika "mpo?" amepoteza dakika 20 za kikosi kizima.

Familia zitumiwe sauti iliyorekodiwa mara moja kwa siku. Waelezeni wazazi mapema, hasa mama, kwamba ukimya wa mchana hauna maana ya ajali, na wapeni namba ya walinzi wa Dunia.

Kuishi pamoja

Kikao cha jioni kichukue robo saa. Kila mmoja anasema kilichokwenda vizuri na kilichomkera, kamanda anazungumza wa mwisho. Anayekera atajwe kwa kitendo: "vikombe viliachwa mezani," kisha inaamuliwa nani atafanya nini kesho. Siku ya nne na ya tano ndizo ngumu, upya umeisha na nyumbani bado mbali. Kamanda azichunguze karatasi za asubuhi: namba ya mtu ikishuka siku mbili mfululizo, mganga akae naye faragha. Mtu yeyote anaweza kujitoa bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake. Taulo za kike ziwe sehemu ya vifaa vya kikosi, zikae mahali pa wazi, asiombe mtu.

Wakati wa kuvunja zoezi

Maneno "acha zoezi" yakisemwa mara tatu na mtu yeyote, helmeti zinavuliwa na milango inafunguliwa. Jeraha, homa, moto, mnyama mkubwa, mgeni mwenye shida mlangoni: hayo hayana dakika 10. Simu moja yenye chaji na salio inakaa kwenye bahasha iliyofungwa karibu na mlango, ikiwa na namba za hospitali za Mount Meru na KCMC, mtendaji wa kijiji, na dereva ambaye gari lake liko umbali wa dakika chache. Kabla ya siku ya kwanza, endesheni njia hiyo hadi hospitali mkiwa na saa mkononi.

Siku ya mwisho

Asubuhi ya siku ya saba someni tangi na betri kama kawaida, jazeni karatasi za usingizi, kisha kila mtu aandike ukurasa wake kabla ya mazungumzo kuanza. Nakilini data zote mara mbili, kwenye diski mbili zinazosafiri kwenye magari tofauti. Fukieni shimo la choo mlilochimba, ondoeni turubai na kila kipande cha waya, kwa sababu ng'ombe na mbuzi watakula plastiki. Maji yaliyobaki kwenye akiba, kama ni yale yaliyopimwa na kuwa salama, yaachieni kijiji. Matokeo ya floridi yapelekwe kwa mtendaji wa kijiji yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili: jina la kila chanzo kilichopimwa, tarehe, kiwango kilichopatikana, na kama kinazidi 1.5 au hakizidi.